Sanduku la Huduma ya Kwanza Mlimani: Nini Kiwemo, Nani Abebe

Kwa wagumu, wapishi, waongoza watalii, walimu na familia zinazopanda Mlima Kilimanjaro

Simama kwenye geti la Machame au la Marangu asubuhi, mizigo ikipimwa, uombe kuonyeshwa sanduku la huduma ya kwanza la kundi. Mara nyingi utaonyeshwa. Swali la pili ndilo gumu: saa saba mchana, kundi likiwa njiani, sanduku hili litakuwa mgongoni kwa nani? Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Dawa na bendeji tutazitaja, na kila moja ina kazi yake, lakini bendeji iliyotangulia kambini haimfai mtu aliyeteguka mguu huku nyuma msituni.

KUNDI MOJA, VIPANDE VITATU

Tazama siku ya kawaida ya mlimani inavyokwenda. Wageni wanatoka kambini saa mbili asubuhi pamoja na kiongozi wao. Wagumu, kama wapagazi wa mlima huu wanavyoitana, wanabaki kuvunja kambi: mahema yanakunjwa, masufuria yanafungwa, mizigo inapangwa upya. Kisha wanatoka kwa kasi, wanawapita wageni njiani na kufika kambi inayofuata mapema, ili mgeni akute hema limesimama na maji ya kunawa yana moto. Kati ya wageni nako hakukosi aliyechoka. Msaidizi wa kiongozi anabaki naye nyuma, wengine wanaendelea. Ikifika mchana, kundi la watu 15 limeshakuwa makundi matatu, na kati ya moja na jingine kuna ukungu, mawe na pengine saa nzima ya kutembea.

Sanduku likiwa kwenye mzigo wa mgumu, limeshafika mbele. Likiwa kwa kiongozi mkuu, aliyebaki nyuma hana kitu. Na hata hao wagumu ambao mmoja wao amelibeba hawanufaiki nalo, maana limefungiwa chini ya mahema na hakuna aliyefundishwa kulitumia wala kuambiwa kwamba ni lake pia.

Kwa hiyo tunashauri muachane na sanduku moja kubwa. Gawanyeni vifaa katika mifuko mitatu: mkubwa kwa kiongozi mkuu, mdogo kwa msaidizi anayefunga msafara, na wa tatu kwa mgumu mmoja aliyeteuliwa na kufundishwa, ambaye wenzake wote wanamjua kwa jina. Kila mfuko ukae juu kabisa ya begi, mahali mkono unapofika bila kufukua. Kinachoongezeka ni bendeji chache, plasta na nusu saa ya kuelekezana jioni ya kuamkia safari.

Mlima wenyewe una historia ya kuweka mahitaji karibu na mhitaji. Mpanda milima Mjerumani, Hans Meyer, alishindwa kufika kileleni mwaka 1887. Aliporudi mwaka 1889 alikuwa na mpango tofauti: aliweka kambi juu mlimani na kuletewa chakula kutoka Marangu mara kwa mara, badala ya kutegemea alichopanda nacho siku ya kwanza. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo yeye na mwenzake Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Chakula hicho kilibebwa na wenyeji, na wengi wao hawakuandikwa majina.

KICHWA KINACHOUMA

Tuanze na ugonjwa wa mwinuko, usiofungwa bendeji, kwa sababu ndio unaoua watu hapa.

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kujizoesha, ila unataka siku. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Sasa linganisha na njia ya Marangu: Mandara iko karibu mita 2,700, Horombo karibu 3,700, Kibo karibu 4,700. Kila kituo kimepanda mita 1,000 juu ya kilichotangulia. Siku ya ziada ya kupumzika Horombo, ambayo wengi huikata ili kupunguza gharama, ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote utakayoitia mfukoni.

Dalili za kwanza zinajulikana: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, chakula hakipiti, kizunguzungu, mwili kuchoka kupita kiasi. Mwenye dalili hizi asipande zaidi mpaka zimeisha. Zikizidi, ashuke. Baada ya hapo kuna sura mbili za hatari. Moja ni ya ubongo: mtu anayumba kama mlevi, anaongea maneno yasiyoshikamana, anakuwa mkali bila sababu, au anasinzia na kuwa mgumu kuamka. Nyingine ni ya mapafu: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka bluu, na mwishoni anatoa makohozi yenye povu na damu. Hali hizi hazisubiri kupambazuke. Mgonjwa anashushwa usiku huohuo, mita 500 hadi 1,000 kwenda chini, na mwenye shida ya mapafu abebwe ikiwezekana, kwa kuwa kutembea kunamzidishia. Kama kundi lina mtungi wa oksijeni, apewe huku akiendelea kushushwa. Mtungi huisha, na ukiisha mkiwa bado kambini mmepoteza saa zote hizo bure.

Shida kubwa ni kwamba watu hawasemi. Mgeni amelipa fedha nyingi na anaogopa kurudishwa. Mgumu anaogopa kupoteza siku zake za malipo, na kuachwa safari ijayo. Ukimwuliza, "Kaka, kichwa vipi?" atakujibu, "Poa tu, mkuu," huku amejiinamia nyuma ya hema la jikoni na chai yake imepoa mkononi. Usiishie kwenye jibu lake. Chora mstari wa hatua kumi vumbini kwa fimbo yako. Mwambie atembee juu ya mstari huo akigusanisha kisigino cha mguu wa mbele na vidole vya mguu wa nyuma, hatua kwa hatua, mikono ikiwa chini. Aliye mzima ataweza, hata kama atacheka. Ambaye ubongo umeanza kuvimba atatoka nje ya mstari hatua ya tatu au ya nne, atapanua mikono, atatafuta bega la kujishikia. Huyo anashuka sasa hivi, hata akisisitiza kwamba ni usingizi tu. Mstari huu hauna gharama wala uzito. Uchorwe jioni na asubuhi, na kabla ya usiku wa kileleni apite kila mmoja juu yake, mpishi akiwemo.

Kipima oksijeni cha kidoleni ni kifaa kizuri, lakini kinapotosha asiyekijua. Kambini Barafu au Kibo mtu asiye na tatizo lolote anaweza kusoma asilimia 80 au chini kidogo, namba ambayo Moshi mjini ingempeleka wodini. Kidole kilichopoa nacho kinatoa namba ya uongo. Pasha mkono joto kwanza, kaa kivulini, kisha mlinganishe mtu na wenzake na alivyosoma jana. Namba nzuri kwa mtu anayeyumba haina maana yoyote.

Kuhusu dawa: asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Kwa kinga, kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari. Itakukojoza mara nyingi na vidole vitakufa ganzi kidogo, usishtuke. Kama uliwahi kubabuka au kuvimba kwa Fansidar, Septrin au dawa nyingine ya salfa, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Deksamethasoni na nifedipini zibebwe na kiongozi aliyefunzwa, akiwa na maelekezo ya daktari kwa maandishi. Deksamethasoni hupunguza uvimbe wa ubongo kwa saa kadhaa ili mgonjwa aweze kushuka. Kumpa mtu dawa hii ili aendelee kwenda kileleni ni kumhatarisha maisha, na tunawaomba waongozaji walikatae ombi hilo hata likitoka kwa mgeni aliyelipa vizuri.

Kuna jambo la homa pia, ambalo vitabu vilivyoandikiwa wageni hulipita haraka. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Lakini mkazi wa tambarare za chini, kama Kahe au TPC, anaweza kuanza safari akiwa tayari na vimelea vya malaria, na siku ya tatu akaumwa kichwa, akatapika na kutetemeka, wenzake wakadhani ni mwinuko. Weka kipimajoto kwenye mfuko mkubwa, na kipimo cha haraka cha malaria kama kuna aliyefundishwa kukitumia. Kipimo kioneshe kitu au kisioneshe, mwenye homa na kichwa kinachouma akiwa mita 4,000 mahali pake ni hospitalini.

MFUKO WA KIONGOZI

Mfuko mkubwa uanze na glovu, jozi nne au zaidi. Asiyejikinga mikono huogopa damu, na anayeogopa damu huchelewa. Weka shashi safi za kutosha, bendeji za kuviringisha, bendeji mbili za kubana zinazovutika, bendeji mbili za pembetatu, plasta pana ya kitambaa, plasta ndogo za vidonda, dawa ya iodini, mkasi mkali, kibano na pini. Jeraha linalovuja damu nyingi linataka kugandamizwa kwa mkono juu ya shashi kwa dakika kumi mfululizo, bila kuinua kuchungulia. Kidonda kilichoingia tope kioshwe kwanza kwa maji mengi safi ya kunywa, iodini ifuate pembeni mwake.

Mabanzi ya kufungia mfupa huna haja ya kuyanunua. Godoro jembamba la sponji la kulalia, likiviringwa kuzunguka mguu na kufungwa kwa bendeji za pembetatu juu na chini ya palipovunjika, linashika vizuri kuliko vijiti vya kuokota. Ukishafunga, bonyeza kucha za vidole: zikiwa nyeupe na rangi hairudi, umekaza mno, legeza.

Kuhusu malengelenge tungependa msomaji atulie kidogo, maana yanaharibu safari nyingi na yanazuilika. Lengelenge huanza kama joto kisiginoni au ubavuni mwa kidole gumba. Mtu akilitaja joto hilo, msimame hapohapo. Mvue kiatu na soksi, ngozi ikaushwe kabisa. Kata kipande cha plasta ya kitambaa, kingo zake uzikate mviringo ili zisikunjuke ndani ya soksi, kisha kibandike bila mkunjo hata mmoja na ukisugue kwa kiganja mpaka kishike. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Ukisubiri mpaka kambini utakuta ngozi imeshainuka na ina maji, na kesho yake mtu huyo atatembea upande upande hadi goti nalo liume. Lengelenge ambalo halijapasuka usilitoboe kama linavumilika. Likijipasua, osha, acha ngozi yake ifunike kidonda, weka shashi na plasta juu.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha watu wengi: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni ni nzuri kwa goti na kifundo, ila asipewe mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo wala aliyeishiwa maji. Andika saa ya kila kidonge, maana kichwa kilichotulizwa kwa dawa kinaweza kuficha ugonjwa unaopanda.

Kwa tumbo, beba pakiti za ORS zisizopungua sita. Pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, hufanya kazi hiyohiyo. Maji ya mtoni yachemshwe hata kama yanaonekana meupe kama kioo. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote kwa dakika tatu, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka yakiwa hayajafikia joto la kule chini.

Mwisho kabisa wa mfuko huu, lakini pa kushika haraka: blanketi mbili za dharura, zile nyembamba zinazong'aa, taa ya kichwa yenye betri mpya, filimbi, kalamu na daftari dogo.

MFUKO WA WAGUMU

Huu ndio mfuko tunaoupigania zaidi katika kurasa hizi. Mgumu anabeba mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20, anatembea kwa kasi kuliko mgeni, analala katika hema lenye watu wengi, na mara nyingi amevaa alichoweza kupata kwenye mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi. Akiumia, yuko mbali na kiongozi. Usalama wa kundi haujakamilika kama umeishia kwa wageni.

Mfuko wake uwe na vitu vichache anavyovijua vyote kwa macho na kwa mkono:

- glovu, shashi, bendeji moja ya kubana, bendeji moja ya pembetatu na plasta ya kitambaa
- parasetamoli na ORS, na kikaratasi cha Kiswahili chenye vipimo vyake
- blanketi mbili za dharura, na soksi kavu jozi mbili ndani ya mfuko usiopitisha maji
- filimbi, na namba za simu za kiongozi na msaidizi zilizoandikwa kwenye karatasi

Soksi hizo tumeziweka kwa makusudi. Kinachomdhuru mgumu zaidi ni kulowa. Mvua ya masika msituni Umbwe au Machame inamlowesha mpaka ndani, kisha anapanda kwenye upepo wa nyanda za juu akiwa na suruali ya jinzi iliyobeba maji. Baridi inapomwingia, kwanza anatetemeka. Baadaye anaacha kutetemeka, anajikwaa, vifungo vinamshinda, anataka kukaa tu chini. Kuacha kutetemeka huko si nafuu. Mtoe kwenye upepo, mvue kila kilicholowa, mvishe vikavu, mkalishe juu ya godoro na si juu ya udongo, mfunike blanketi la dharura na juu yake mfuko wa kulalia. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Konyagi inamfanya ajisikie joto huku mwili ukizidi kupoa, kwa hiyo asipewe. Miguu na mikono isisuguliwe.

Mgumu asiye na nguo za baridi ajue kwamba mjini Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambao huwaazima nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Kuvipata kabla ya safari ni huduma ya kwanza iliyotangulia ajali.

Jikoni kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuungua. Mahali palipounguzwa pamwagiwe maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba, kisha pafunikwe kwa shashi safi bila kubanwa. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta ya kupikia vinaziba joto ndani na kumpa muuguzi kazi ya kuvibandua. Ya pili haionekani: jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa. Baridi ya Shira inawashawishi watu kulala nalo ili wapate joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na waliolala wanaweza wasiamke. Jiko litoke nje kabla mtu hajalala, hata kama nje kuna barafu. Ukikuta watu wawili au watatu wa hema moja wanaumwa kichwa na kusinzia kwa pamoja, usifikirie mwinuko kwanza. Watoe nje wapate hewa.

MATEMBEZI YA SIKU MOJA

Si kila apandaye anakwenda kileleni. Shule nyingi hupeleka wanafunzi Materuni, maporomoko ya Marangu, Kreta ya Maundi au Ziwa Chala kule Rombo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hausumbui huko. Kinachosumbua ni utelezi, maji na wadudu.

Mwalimu abebe mfuko mmoja mgongoni mwake, na mwalimu wa pili anayefunga msafara abebe mwingine. Kabla ya siku ya safari aandike orodha ya wanafunzi wenye pumu, kifafa, kisukari, selimundu, na wanaovimba wakiumwa na nyuki. Dawa ya pumu ikae kwa mtoto mwenyewe, isikae ndani ya basi. Kwenye maporomoko mawe yana ukoga na utelezi, na wanaoumia ni wanaopanda juu yake kupiga picha. Siafu wakimvamia mtoto, mwondoeni kwanza mahali pale, kisha wang'oeni siafu mmojammoja.

Kwenye vihamba na vichaka vya chini kuna nyoka, kifutu akiwa wa kuogopwa zaidi kwa sababu hutulia asionekane mpaka akanyagwe. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kuzuia damu. Alazwe atulie, kiungo kifungwe kwa banzi kama kilichovunjika, pete na viatu vivuliwe, na abebwe mpaka kwenye gari. Nyoka msimfukuze. Daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili bila kuletewa mzoga.

MARADHI ULIYOPANDA NAYO

Mwenye dawa za kila siku azibebe za kutosha na siku tatu za ziada, nusu kwenye begi lake na nusu kwa kiongozi, maana mizigo hupotea. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari wiki kadhaa kabla, na mjamzito asiende juu.

Selimundu inahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande, kwani upungufu wa oksijeni, baridi na kukaukiwa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kamwe na pengine asiyejua, kwa kawaida hupanda na kushuka salama. Hata hivyo kuna wachache ambao wengu wao huathirika katika mwinuko mkubwa. Akipata maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, ashushwe na afikishwe hospitali, na waliopo wamwambie daktari kwamba alikuwa mlimani. Kipimo chake hufanyika hospitalini Moshi, na kijana anayetaka kazi ya ugumu angefanya vyema kukifanya mara moja maishani.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, na soma tarehe ya mwisho kabla hujatoa fedha. Dawa zibaki ndani ya vifungashio vyake. Vidonge vilivyomwagwa kwenye kikopo kimoja havijulikani tena ni vya nini, hasa usiku, kwa mtu mwenye hofu. Kila aina iwe na mfuko wake wa zipu usiopitisha maji, ulioandikwa kwa kalamu ya wino mzito: DAMU, KUUNGUA, TUMBO, MAUMIVU, MWINUKO. Maandishi yawe ya Kiswahili, kwa sababu atakayetumwa kuukimbilia mfuko ni mgumu. Rangi ya mfuko iwe moja kwa kundi zima, nyekundu au ya chungwa.

Kabla ya safari fanyeni zoezi. Kila aliyekabidhiwa mfuko avae glovu nene za baridi, afumbe macho, atoe bendeji ya kubana. Zipu ndogo itamshinda. Mfungieni kikamba kwenye zipu hiyo, ajaribu tena. Dawa za maji na betri huganda au kufa katika baridi ya Barafu, hivyo usiku zilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe.

Vifaa havimfundishi mtu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hufundisha kwa ajili ya sehemu za kazi. Mlima ni sehemu ya kazi. Angalau watatu katika kundi, wanaobeba ile mifuko mitatu, wawe wamejifunza kumlaza ubavu aliyezimia na kumkandamiza kifua ambaye hapumui: mara 30 kwa nguvu katikati ya kifua, pumzi mbili, tena na tena, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

SIMU, MACHELA NA DAFTARI

Kwenye kambi na vituo kuna askari wa hifadhi, na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, ina kikosi cha uokoaji na machela za gurudumu moja zinazosukumwa na watu kadhaa. Tangu mwaka 2022 shirika la mawasiliano, TTCL, limefikisha intaneti mlimani, likianzia Horombo, lakini bado kuna mabonde ambayo simu haishiki. Kila kiongozi aandike kwenye daftari ni sehemu zipi za njia yake zina mtandao. Namba ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na za ofisi ya hifadhi ziombwe getini siku ya kuanza.

Ukipata mtandao, sema mambo haya kwa utulivu: ni nani, yuko wapi hasa na kati ya kambi ipi na ipi, anasumbuliwa na nini na tangu saa ngapi, anaweza kutembea au hawezi, mko wangapi. Usikate simu wa kwanza. Kutegemea njia mliyoshukia, hospitali ya karibu inaweza kuwa Machame, Kibosho, Kilema au Huruma kule Rombo. Wenye hali nzito hupelekwa mjini Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC.

Lile daftari liende na mgonjwa. Liwe na saa alipoanza kuumwa, urefu wa mahali alipokuwa, dawa alizopewa na saa zake, vipimo vya oksijeni, na jinsi alivyotembea juu ya mstari. Daktari wa zamu akiwa na ukurasa huo hapotezi muda kuuliza watu waliochoka.

Mgumu akiwa ndiye aliyeumia, ukurasa huo una kazi ya pili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unawahusu waajiri wa Tanzania Bara, na aliyeumia kazini anaweza kudai matibabu na fidia. Madai mengi hukwama kwa kukosa ushahidi kwamba ajali ilitokea kazini. Kwa hiyo andikeni jina lake kamili, kampuni iliyomwajiri, mzigo aliokuwa ameubeba, mahali, tarehe na saa, na mashahidi wawili waweke sahihi wakiwa bado mlimani. Pigeni picha ukurasa huo kwa simu, mgumu abaki na nakala yake, na mwajiri apewe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo mnayofika getini.